Muulize Fundi: Uani umeinama, zege nilimwage vipi?

Barua za safari hii karibu zote zinaulizia uani ulioinama, nadhani kwa sababu mvua zimeisha na watu wameona maji yalipita wapi. Nimechagua nne. Ya kwanza ntaijibu kwa urefu, maana ukiielewa hiyo zingine zinakuwa nyepesi.

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi niko Lindi mjini, Mtanda, nyumba yetu ipo kwenye mteremko kama nyumba nyingi za huku na uani wote unashuka kuelekea kwa jirani. Nataka kibaraza cha zege cha kukaa jioni, watoto wapate pa kuchezea, na msimu ukifika tuanike korosho zetu hapo badala ya kutandika maturubai kwenye mchanga. Nafasi niliyopanga ni mita 5 kwa 4, ile mita 4 ndo inashuka. Fundi wa kwanza kasema tujenge ukuta kule chini, tujaze kifusi mpaka kifike usawa wa mlango wa jiko alafu tumwage zege juu. Wa pili kasema hamna haja ya yote hayo, tumwage zege lifuate ardhi ilivyo. Baba watoto anamtaka huyo wa pili kwa sababu bei yake ndogo. Tumsikilize nani, na sementi mifuko mingapi?
Mama wa watatu, Mtanda

JIBU: Dada yangu, msimsikilize yeyote kati yao, ila kila mmoja kuna kidogo cha kweli kwenye maneno yake.

Tuanze na huyo wa baba watoto. Zege likifuata mteremko utapata njia nzuri ya kupitisha toroli, sio mahali pa kukaa, ukiweka kiti utakaa kama uko kwenye mtumbwi uliopakiwa upande mmoja, na mvua ikija maji yatashuka hapo kwa kasi kuliko yalivyokuwa yanashuka kwenye mchanga maana mchanga ulikuwa unakunywa na zege halinywi kitu. Yote yanaenda kwa jirani. Ugomvi wa maji na jirani ukianza hauishi hata mkija kuoana.

Huyo wa kwanza wazo lake lingekuwa sawa kama kifusi kingekuwa bure na ukuta ungekuwa hausukumwi. Mlango wa jiko kawaida uko juu ya ardhi sm 30 mpaka 45, ongeza na ardhi inavyoshuka, kule mwisho wa kibaraza unajikuta una kifusi cha karibu mita nzima na pengine zaidi. Kifusi cha mita moja kikilowa kinakuwa kizito na kinasukuma, ukuta wa bloku za inchi sita uliopandishwa tu kozi juu ya kozi hautazuia, utaanza kutoa tumbo, alafu siku moja unaenda. Ukuta wa kimo hicho unataka msingi mpana, nondo, mawe nyuma yake na matundu ya kutolea maji, na ukizidi mita moja mi nakwambia kabisa tafuta injinia, usibahatishe. Alafu kuna hili ambalo watu hawalioni: ukijaza mpaka usawa wa mlango unakuwa umefunika ukuta wa nyumba kupita ile nailoni ya kuzuia unyevu pale juu ya msingi, kwa hiyo ukuta wa jiko utaanza kulowa kwa ndani na rangi kubanduka, na mvua ya upepo itaingia mlangoni bila hodi. Sakafu ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sm 15 angalau.

Sasa mimi ningefanya hivi: chimba kidogo upande wa juu, inua kidogo upande wa chini, na kibaraza kisiguse nyumba.

Kabla ya jembe kuingia, pima. Hujaniambia uani umeshuka kiasi gani, na hao mafundi wawili sioni kama wamepima, ndo maana majibu yao yamepishana hivyo. Chukua mpira wa maji ule mweupe unaoonesha ndani, mita 10 hivi, ujaze maji utoe mapovu yote, mmoja ashike ncha moja ukutani kwa nyumba mwingine aende na ya pili mpaka kwenye kigingi kule chini, maji yakitulia pande zote mbili hiyo ndo levo. Pima kutoka levo mpaka chini kwa futi kamba pale ukutani na pale kwenye kigingi, tofauti ya hizo namba mbili ndo mteremko wako. Fanya na upande wa kulia na wa kushoto pia, maana ardhi mara nyingi imeinama huku na huku.

Tuseme umepata sm 15 kila mita. Ile mita moja iliyogusa nyumba usiichimbe, iache iwe njia nyembamba ya zege inayoinama sm 2 kutoka ukutani. Ukifika mwisho wa hiyo mita unashuka ngazi tatu za sm 14 hivi ndo unaingia kwenye kibaraza. Kwa hesabu hiyo upande wa juu uso wa kibaraza unakuwa umezama kama sm 30 chini ya ardhi ilivyo sasa, na upande wa chini unakuwa umeinuka sm 24 tu. Hizo sm 24 ni mawe ya chini sm 15 na zege sm 10, yaani kifusi karibu hakuna! Ukuta wa kuzuia unabaki wa futi moja, huo hata fundi wa kawaida anaumudu, na kibaraza karibu chote kinalala kwenye ardhi ambayo haijawahi kuchimbuliwa. Hiyo ndo siri ya uani wa mteremko, zege halipasuki kwa sababu sementi ilikuwa kidogo, linapasuka kwa sababu chini yake kuna sehemu ngumu na sehemu ya kifusi na ile ya kifusi inashuka peke yake.

Tahadhari moja. Ukichimba hiyo sm 30 pamoja na nafasi ya mawe na zege shimo linakuwa sm 55 pale juu, sasa nyumba kama msingi wake ni mfupi, hasa zile za zamani, usogee uwe mita moja na nusu kutoka ukutani badala ya moja. Chimbua kwanza sehemu ndogo pembeni ya nyumba uone msingi umeishia wapi. Alafu udongo wa juu wenye mizizi na majani uondoe wote, hata kule unakoinua. Ukikuta mchanga laini weka moramu au changarawe, lowesha, shindilia kwa tabaka za sm 15, sio unamwaga toroli kumi kwa mpigo alafu mnapita juu na miguu.

Maji ndo yamebaki na ndo makubwa. Kibaraza chenyewe kiiname kutoka kwenye nyumba sm 1.5 kila mita, kwa mita 4 ni sm 6, mtu akikaa haoni na korosho hazibiringiki, usiogope. Pale mwisho weka mfereji mdogo wa zege upokee maji uyapeleke pembeni, kwenye mtaro wa barabara au kwenye shimo la mawe ndani ya kiwanja chako. Sio kwa jirani. Maji ya paa yawe na gata yake na njia yake, yasishukie kibarazani kabisa. Kwenye ukuta wa chini acha matundu, kipande cha bomba la inchi mbili kila mita moja na nusu, na nyuma yake jaza kokoto badala ya udongo. Wanaosema huku mvua sio nyingi wakumbuke Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyokata barabara pale Somanga mpaka Lindi na Dar hazifikiani, ile ilikuwa barabara ya lami, uani wako je.

Haya, mifuko. Mita 5 kwa 4 kwa unene wa sm 10 ni kyubiki mita 2, njia ya pembeni mwa nyumba nusu, jumla mbili na nusu. Kwa mchanganyiko wa moja mbili nne, yaani sementi moja, mchanga mbili, kokoto nne, kyubiki moja inakula mifuko sita na nusu hivi, kwa hiyo weka mifuko 17, mchanga kama kyubiki moja na robo na kokoto mbili na nusu. Ngazi na ukuta wa chini ni hesabu nyingine, usimruhusu fundi akuchanganyie humo. Kwa ndoo za lita 20, mfuko mmoja wa kilo 50 unaenda na mchanga ndoo tatu na nusu, kokoto ndoo saba, na maji ndoo moja na kidogo, mchanga ukiwa umelowa punguza maji. Hapa kwenye maji msimamie mwenyewe dada, saidia fundi wanapenda zege la uji kwa sababu halichoshi mikono, na zege la uji likikauka ni dhaifu na linachanika juu. Mchanga wa mtoni, usikubali wa ufukweni hata ukiletewa nusu bei.

Nondo? Kwenye ardhi ngumu iliyoshindiliwa kibaraza cha kukaa watu kinaweza kukaa bila nondo. Ukiwa na hela weka wavu wa BRC, ule wa vyuma vyembamba vilivyounganishwa tayari, ila uwe umeinuliwa kwa vitofali vidogo vya zege ukae katikati kwenda juu, wavu uliolala chini kwenye mawe umezika hela tu. Kilicho cha lazima ni kugawa. Gawa kibaraza vipande vinne vya mita 2.5 kwa 2 kwa mbao, mwaga kimoja ruka kimoja, au mwaga vyote alafu kata mstari wenye kina cha sm 2.5 siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Zege litapasuka tu, wewe unalichagulia pa kupasukia. Na pale linapokutana na ngazi weka karatasi ya lami katikati visishikane.

Juu usipige niru, ule uji wa sementi unaosuguliwa mpaka ulainike. Najua inapendeza, inang'aa, wageni wanasifia, ila ikilowa watoto watateleza na wewe na beseni la vyombo pia. Likianza kushika pitisha fagio la chelewa, mistari ikatize mteremko, basi. Zege mwaga alfajiri au jioni kwa jua letu hili, likishashika funika na magunia ya korosho ya zamani uyaloweshe kwa siku saba, asubuhi na jioni na mchana kama kuna upepo wa bahari. Kukaa kaeni baada ya wiki, mizigo mizito subirini siku 28.

Na kuhusu muda. Huku kwetu hela inaingia minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba, na mvua nazo ndo hizo zinakuja Novemba Desemba mpaka Aprili. Ukilazimisha kumwaga zege Desemba utakuwa unashindana na mawingu. Hela ikiingia chimba, jenga ukuta na mifereji, panga mawe na ushindilie, alafu acha mvua zote zipite juu yake. Mvua itakuonesha bure pa kutuama maji na panapodidimia, Juni unarekebisha ndo unamwaga. Mawe na kokoto nunua mapema haviozi, sementi nunua wiki ya kazi, kiwanda kiko Mtwara hapo hapo, ya nini kuiweka stoo miezi sita inyonye unyevu igande mabonge.

SWALI: Fundi salaam. Mimi ni mstaafu, nakaa Mikindani kwenye nyumba ya urithi, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa. Mlima uko nyuma yetu kwa hiyo uani unashuka KUJA kwenye nyumba na kila mvua ukuta wa nyuma unalowa mpaka usawa wa kiuno. Nataka nimwage zege uani kote ligusane na ukuta kabisa, nipige na lipu ya sementi chini ya ukuta, maji yasipenye tena. Kijana wangu anasema mchanga upo ufukweni wa bure.
Mzee wa Mikindani

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Kwa heshima zote, hilo la kugusanisha na ukuta naomba uliache. Ukuta wa matumbawe na chokaa unakunywa maji na unayatoa, unapumua, ndo maana umesimama muda wote huo. Ukiuwekea zege hadi miguuni na lipu ya sementi juu yake, maji yaliyo chini ya zege hayana pa kutokea ila kupanda ndani ya ukuta, na lipu inayazuia yasitoke nje, kwa hiyo yatapanda juu zaidi. Leo kiunoni, mwakani begani. Lipu yenyewe itabanduka vipande na kuondoka na chokaa.

Kazi yako iko juu, sio kwenye ukuta. Chimba mtaro uanzie kabla maji hayajafika kwenye kibaraza, upande wa mlimani, ukate uani kulia mpaka kushoto na uiname kuelekea upande mmoja wa nyumba utokee mbele. Kina sm 40 hivi, upana sm 30, ndani weka mawe na kokoto au ujengee wa wazi, wa wazi ni rahisi kusafisha. Alafu kibaraza kiiname kinyume na mlima, yaani kutoka kwenye nyumba kwenda kwenye mtaro, sm 2 kila mita. Kwa hiyo upande wa mlimani utachimba na kuweka ukuta mdogo wa mawe, udongo utakaotoka usiulundike ukutani kwa nyumba tafadhali. Kati ya zege na nyumba acha ukanda wa sm 30 wa kokoto tupu, hapo ukuta utapata hewa. Ukuta ukitaka marekebisho tumia chokaa na mchanga, mafundi wa chokaa pwani hii bado wapo ukiwaulizia.

Kuhusu mchanga wa ufukweni, mwambie kijana una chumvi, na chumvi inakula nondo ndani ya zege, inavimba na kupasua, na pasipo na nondo bado itakuletea ule unga mweupe juu na unyevu usiokauka. Tena wakichota wote ufukwe unaisha na bahari inasogea.

SWALI: Mambo fundi, mimi niko Newala, uani wetu mchanga mwekundu mtupu unashuka kidogo tu. Maji huku ni shida unajua. Naweza kumwaga zege uani alafu maji ya mvua yaingie kwenye kisima cha kuhifadhia? Na hayo maji ya kumwagilia zege siku saba ntayatoa wapi?
Kijana wa Newala

JIBU: Unaweza, na nakupongeza. Hesabu yake nyepesi: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo uani wa mita 20 za mraba mvua ya milimita 10 ni lita 200, zitapungua kidogo njiani. Elekeza mteremko wote kwenye kona moja, hata sm 2 kila mita, na kabla ya kisima weka kashimo ka kukamata mchanga chenye wavu, na njia ya kuyatupa maji ya mvua za kwanza maana yameosha kinyesi cha kuku. Maji ya uani yawe ya kufulia na kumwagilia, ya kunywa vuna kwenye bati. Mchanga wa huko ni laini na unahama ukipata maji, kingo za zege zishushe chini sm 30 kuzunguka pande zote ili maji yasichimbe chini yake.

Maji ya kumwagilia punguza kwa kufunika na nailoni mara tu linaposhika, ubane kingo zote kwa mchanga hewa isipite, lile jasho litakalobaki ndani linatosha sana, utakuwa unafunua jioni kuongeza kidogo panapokauka. Usimwage kiangazi cha Septemba kama huna pipa limejaa.

SWALI: Fundi mimi nilishamwaga, Masasi, na maji yanatuama katikati kama bwawa. Fundi anataka kupaka sementi nyembamba juu kusawazisha. Sawa?
Msomaji, Masasi

JIBU: Hapana. Kitu chembamba cha sentimita moja juu ya zege la zamani kitaachia kikikauka alafu kitatoka kama gamba, hasa kwa joto la Masasi. Bwawa likiwa dogo, kata kamfereji kembamba kwa grainda na tindo kutoka katikati mpaka ukingoni, maji yatakifuata. Likiwa kubwa, chimbua juu kuwe na makwaruzo, safisha vumbi lote, lowesha, paka uji wa sementi na papo hapo mwaga zege jipya lenye kokoto ndogo, lisipungue sm 5 pale pembamba, ila angalia mlango kwanza, ukiongeza sm 5 bado sakafu ya ndani itakuwa juu? Kama haitakuwa juu, vunja kipande hicho umwage upya, na safari hii fundi apime kwa mpira wa maji kabla ya kuweka mbao na sio baada.